Bahasha ya Jumatatu

Alhamisi, 25 Agosti

Picha ya Mwiba imeletwa leo. Mchoraji kamvisha tai! Mwiba na tai — mtu aliyekuja kwenye harusi yangu na ndala, akasema miguu yake haina la kuficha. Nimesimama mbele ya picha nikacheka mpaka mhasibu akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Yeye hakucheka. Kasema tai inampa marehemu heshima. Nikamjibu heshima alikuwa nayo tangu zamani, hapo wamemnyonga tu. Halafu nikajuta. Kunyonga si neno la kutamka ndani ya jengo hili siku hizi.

Mwaka unatimia tarehe 14 mwezi ujao. Gazeti linatoa toleo maalumu, na chumba cha mikutano kitaitwa kwa jina lake. Ghafla kila mtu alikuwa rafiki yake! Bwana wa matangazo, ambaye akimwona Mwiba kwenye korido alikuwa anakimbilia chooni na kujifungia, sasa anasimulia walivyokuwa chanda na pete. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Mimi sikuwa rafiki yake. Mimi ni karani wa masjala, yeye alikuwa mwandishi wa habari. Meza zetu zilitazamana miaka kumi na minane, naye alikuwa anakula karanga na kuangusha maganda kwenye trei yangu ya barua. Nilimgombeza kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Leo ningempa gunia zima aangushe atakavyo.

Ijumaa, 26 Agosti

Bwana Subiri kaniita. Ni mhariri wetu mkuu, na jina hilo alipewa na Mwiba, kwa sababu kila makala aliyompelekea ilijibiwa neno moja: "Subiri kwanza." Kuna makala zimesubiri mpaka wahusika wakastaafu.

Anataka nikusanye barua zote za rambirambi zitundikwe ukutani siku ya kumbukumbu. Nikamuuliza toleo litasema marehemu alikufaje. Akaangalia dirishani. Kasema litasema ajali, kama ripoti ilivyosema.

Ripoti! Inasema Mwiba aliteleza ngazini kwake Jumatatu jioni akirudi kutoka kazini. Mfagiaji akamkuta chini Jumanne asubuhi. Miwani ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa shati. Mtu asiyeona mlango bila miwani, ati apande ghorofa nne ameitia mfukoni. Na wiki ile alikuwa anamalizia habari ya vitanda vya hospitali vilivyozinduliwa kwa sherehe na kesho yake havikuonekana tena. Daftari lake la habari hiyo halijapatikana hadi leo.

Lakini minong'ono si ushahidi. Hata mimi najua.

Jumatatu, 29 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Nimefungua boksi la rambirambi. Barua ya tatu kutoka juu ni ya Ofisi Kubwa, wale wa serikali — karatasi nzito, nembo ya dhahabu, "tumepokea kwa masikitiko makubwa". Tarehe iliyochapwa juu ni Jumanne, 14 Septemba. Sawa, ndiyo siku aliyookotwa. Nyuma ya barua imebanwa bahasha yake. Na juu ya bahasha kuna muhuri wangu wa kupokelea.

Jumatatu, 13 Septemba.

Nimekaa chini kwanza. Jumatatu ile Mwiba alikuwa mzima! Alikuwa mbele yangu mpaka saa kumi na moja jioni, na maganda yake. Kama muhuri unasema kweli, basi rambirambi zake zilifika yeye akiwa hatua mbili kutoka hapo, ananiuliza kama nina kiberiti.

Kwa nini hatukuona? Kwa sababu bahasha iliandikwa "Kwa Mhariri Mkuu mwenyewe". Barua za namna hiyo sizifungui. Napiga muhuri juu, naweka kwenye trei ya Bwana Subiri. Na trei ya Bwana Subiri barua huwa zinaota mvi. Aliifungua Alhamisi, tulipokuwa tumeshazika. Nani tena aangalie bahasha?

Kwa hiyo mmoja kati ya wawili ni mwongo. Ofisi Kubwa, au muhuri wangu.

Jumanne, 30 Agosti

Nimewaonyesha. Kwanza Bwana Subiri, halafu akapigiwa simu Dada Mkubwa, yaani dada yake Mwiba. Kaja mbio kutoka kwenye cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni. Kaishika ile bahasha kwa ncha za vidole. Hakulia. Kasema, "Nilijua. Mwaka mzima mnaniambia nina majonzi. Sina majonzi tu, nina akili pia."

Na Bwana Subiri — makubwa haya! — hakusema subiri. Kasema ukurasa wa kwanza, siku ya kumbukumbu, picha ya bahasha kutoka juu hadi chini. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Wakili wa Dada Mkubwa kasema kwa bahasha hii ataomba uchunguzi ufunguliwe upya.

Mhasibu kaniletea chai mwenyewe. Ina sukari tatu, kisukari changu kitajijua. Nimekuwa mtu!

Alhamisi, 1 Septemba

Nimeharibikiwa.

Asubuhi nilikuwa napiga muhuri barua kama kawaida. Tarishi aliyeleta mzigo akasema, "Mama, leo tarehe moja, wewe unapiga thelathini na moja." Nikaangalia. Kweli. Muhuri wangu ni ule wa vigurudumu vidogo vya mpira, kila asubuhi lazima uvizungushe kwa kidole. Nikazungusha. Nikasema moyoni, mwaka huu nimekuwa msahaulifu sana, ofisi nzima inanicheka, zamani sikuwa hivi.

Zamani sikuwa hivi. Mbona zamani sikuwa hivi?

Basi nikakumbuka. Kila asubuhi Mwiba alikuwa akipita kwenda kwenye kiti chake, anauchukua muhuri wangu mezani, anauzungusha kwa dole gumba bila hata kuangalia, anaurudisha. "Tumeamka siku nyingine, dada." Kila asubuhi, miaka kumi na minane! Sikuwa mtu makini hata siku moja. Alikuwa yeye.

Na ile Jumanne hakuja.

Nilipokea barua asubuhi ile kabla habari haijafika, huku najiuliza leo kachelewa wapi. Nani alizungusha muhuri? Mimi? Sidhani. Naona giza tu nikijaribu kukumbuka. Yawezekana barua ililetwa Jumanne, safi kabisa, na muhuri ulikuwa bado umelala Jumatatu kwa sababu aliyekuwa akiuamsha alikuwa ameshakufa.

Nimelilia chooni. Bwana wa matangazo alikuwa anagonga, nimemwacha agonge.

Ijumaa, 2 Septemba

Sijamwambia mtu kazini. Nimemwambia baba watoto. Alikuwa amefungua redio ya watu, amepanga skrubu kwenye kisahani. Kanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

Kasema, "Ukinyamaza, nani atajua?"

Nikasema, mimi.

"Basi wameshakuwa wengi."

Halafu akaendelea na redio yake. Miaka thelathini na moja nimeolewa na mtu anayetumia maneno kama vile yanauzwa. Usingizi kaondoka nao yeye.

Jumapili, 4 Septemba

Nimewaza siku mbili. Nimepika nikaunguza, nimefua nikasahau nguo juani.

Nikinyamaza, Dada Mkubwa anapata uchunguzi wake. Bwana Subiri anapata uti wa mgongo. Mimi naendelea kuletewa chai. Na labda waliomsukuma wanakamatwa, maana kwa maoni yangu alisukumwa, niandike hivyo humu ndani ambamo hasomi mtu.

Lakini ni Mwiba ndiye alikuwa akituimbia: habari ya mguu mmoja usiitume sokoni, itaanguka mbele za watu na wewe utaanguka nayo. Alikuwa na habari tamu ya waziri aliyezindua kisima kimoja mara tatu, kila mara utepe mpya. Aliikalia miezi minne kwa sababu shahidi alikuwa mmoja. Nilimwona kwa macho yangu akiichana na kuianza upya. Sasa habari ya kifo chake mwenyewe ina mguu mmoja, na mguu wenyewe ni mimi. Angenicheka huyo! Angecheka mpaka karanga zimpalie.

Wale jamaa wakija kugundua kwamba mimi ni msahaulifu — na nani hajui? — watasema yote ni hivyo hivyo. Miwani, daftari, vitanda, yote. Watakifuta kila alichoandika kwa kosa langu moja.

Kesho nasema.

Jumatatu, 5 Septemba

Nimesema. Ofisini kwa Bwana Subiri, mlango umefungwa, Dada Mkubwa kakaa chini ya ile picha ya tai.

Nilianza vibaya, nikaanzia kwenye karanga. Nilipofika kwenye dole gumba nikawaonyesha kwa la kwangu. Dada Mkubwa akaivuta ile futi yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo umekuja kumzika mara ya pili."

Neno lile limenikaa kifuani mpaka sasa hivi ninapoandika.

Bwana Subiri kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Nikamwona analitafuta neno lake la zamani, limefika mdomoni kabisa. Akalimeza. Akaniuliza kama hakuna kitu kingine kinachoonyesha siku barua ilipofika.

Na hapo, Mungu mkubwa, nikakumbuka kazi yangu. Kipo! Tarishi wa Ofisi Kubwa hamwachii mtu barua bila kusaini. Anakuja na daftari lake refu la kijani. Tarehe na saa anaandika yeye, kwa mkono, mbele yako, wewe unasaini pembeni. Halihusiani na muhuri wangu wala na usahaulifu wangu. Sahihi yangu imo mle, na siku yake ya kweli imo.

Mguu wa pili uko kwao wenyewe.

Dada Mkubwa kaondoka bila kuniaga. Lakini mlangoni aligeuka akaniangalia. Sijui aliangalia nini.

Jumanne, 6 Septemba

Kwenye masjala ya Ofisi Kubwa yuko Bi Sauti. Sisi makarani tunajuana hivyo, kwa sauti. Miaka kumi na mitatu tunaongea kwa simu, "barua yenu imefika", "jalada lenu limekwama wapi", na hatujawahi kuonana. Anajua nina kisukari. Mimi najua mwanawe wa kwanza kafeli udereva mara nne. Uso wake siujui.

Nimempigia. Nikamuuliza, mwenzangu, daftari la tarishi la Septemba mwaka jana unalo? Kasema analo kabatini, analitaka nani? Nikasema nalitaka mimi, kuna bahasha inanisumbua. Kacheka. Kasema, "Mwaka mzima bahasha inakusumbua? Wewe unahitaji likizo." Kaahidi kuangalia.

Jumatano, 7 Septemba

Kapiga yeye, saa nne asubuhi. Hakuanza na salamu.

Kasema, "Nimeiona sahihi yako. Unaandika kama kuku anayeparura."

Nikasema asante. Tarehe ngapi?

Nilisikia mtu anapita nyuma yake, kiti kinasogezwa. Halafu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, kama anaongea ndani ya mto: "Si kwenye simu, dada. Jumamosi hutoki?"

Jumamosi saa tano, benchi la mbele ya posta. Nitavaa kitambaa cha kichwa cha manjano ili anijue. Kasema yeye ni mfupi na mnene na nisishangae. Nikamwambia nilikuwa nafikiri ni mrefu kama mlingoti. Hakucheka.

Kama ingekuwa Jumanne, angesema Jumanne. Neno moja tu. Linatamkika kwenye simu yoyote.

Nimemwambia Bwana Subiri. Hakuna mwingine.

Jumamosi, 10 Septemba

Saa tano. Saa sita. Saa saba unusu.

Wamepita wafupi wanene kumi na mmoja, wote nimewachekea kama mwehu. Mmoja kanipa sarafu. Bi Sauti hakuja.

Labda mtoto anaugua. Labda basi. Watu wanachelewa.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimepiga masjala ya Ofisi Kubwa. Kapokea mwanamume. Nikamwomba niongee na dada wa masjala. Kauliza yupi. Nikagundua sijui jina lake! Miaka kumi na mitatu. Nikasema yule wa siku zote, mwenye sauti. Kaniambia kwa adabu kubwa kwamba huyo kahamishwa. Wapi? Hana taarifa. Tangu lini? Tangu Ijumaa.

Nikasema ahsante, nikaweka simu, nikabaki nimeishika.

Ni mimi niliyemtuma kabatini. Nilitaka kuwa mkweli, nikautafuta ukweli kwa kutumia mikono ya mwenzangu. Naogopa, na naona aibu. Baba watoto kaniuliza nina nini, nikamwambia. Safari hii aliiacha redio. Kasema kesho nisiende kazini.

Nimemwambia kesho kuna barua za kupokea.

Jumanne, 13 Septemba

Saa tatu na dakika ishirini. Naandika hapa hapa mezani.

Wamekuja wawili, mrefu na mfupi. Mashati safi, viatu vinang'aa, shikamoo mama. Wanatoka Ofisi Kubwa. Bwana Subiri yuko kwa wakili na bahasha, kwa hiyo nikawaambia mhariri hayupo. Mrefu kasema hawakumfuata mhariri. Wamenifuata mimi.

Wamekaa kwenye kiti cha Mwiba na kiti cha wageni. Mrefu ndiye mzungumzaji. Kasema wamesikia kuna mkanganyiko kuhusu bahasha fulani, jambo dogo, watu wanalikuza. Wamesikia pia kwamba mama ni mchapakazi lakini kwenye tarehe, ah, binadamu tunasahau. Nikasema kusahau ndiyo kazi yangu ya pili. Kafurahi sana.

Katoa karatasi kwenye mkoba. Maelezo yangu, yameshachapwa tayari, ili nisisumbuke. Ni mafupi. Kwamba mimi, karani wa masjala, nathibitisha kuwa siku barua ya rambirambi ilipofika sikubadilisha tarehe ya muhuri, kwa kusahau, kama ilivyo kawaida yangu. Chini kuna mstari wa sahihi.

Wiki iliyopita ningesaini huku nalia. Karibu maneno hayo hayo niliyasema kwa mdomo wangu, chini ya ile picha! Mkono ulikuwa umeshashika kalamu waliyonipa.

Lakini mimi ni mtu wa masjala, siwezi kushika karatasi bila kuangalia juu kulia. Na pale juu kulia pamechapwa Jumatano, 14 Septemba.

Nikawaambia, wanangu, leo ni Jumanne. Mbona hii ni ya kesho?

Mrefu kacheka, ana meno mazuri. "Ofisi yetu ndivyo ilivyo, mama. Barua ya kesho tunaichapa leo na kuipeleka leo leo, ili kesho ikifika ikute kila kitu kiko tayari. Miaka yote tunafanya hivyo."

Mfupi hakucheka. Kamgeukia mwenzake taratibu, kamwangalia. Meno yamefungwa.

Nimewaambia macho yangu ni mabovu, naomba niisome tena polepole, na nimefungua daftari hili. Wanadhani ni la kupokelea barua. Naandika na kalamu yao, nzuri, haikwaruzi. Bi Sauti sijui yuko wapi. Karatasi iko chini ya kiwiko changu na siitoi.

Mfupi kanyoosha mkono, anasema mama, kama hujasaini basi turudishie. Nimemwambia ngoja kwanza, hapa masjala karatasi ikishaingia lazima ipokelewe, kwa muhuri wa leo.